Kitu Kisichotupiwa Dadu

Harufu ya solusheni, ile gundi ya kuzibia pancha, mpaka leo inanisimamisha njiani. Juzi nilikuwa natoka sokoni na kikapu cha nyanya, nikampita fundi baiskeli aliyechuchumaa kando ya barabara, tyubu ameizamisha kwenye beseni la maji anatafuta mapovu. Akaitoa, akaipangusa, akaikwangua kwa msasa, kisha akafungua solusheni. Nikasimama. Nilisimama pale mpaka akainua uso na kuniuliza, "Dada, baiskeli yako iko wapi?" Nikamwambia sina baiskeli. Nikaenda zangu, na nilipofika nyumbani nikakaa jikoni bila kuwasha moto mpaka watoto wangu wakarudi kutoka shule na kuniuliza kama naumwa.

Sikuwa naumwa. Nilikuwa namkumbuka kaka yangu Gaudensi, ambaye nyumbani tulimwita Gau.

Tulikaa Malangali, Sumbawanga, upande ule ambako nyumba zinapungua polepole mpaka unajikuta uko shambani. Baba alikuwa mwashi. Mvua zikianza alitundika mwiko wake akalima mahindi na ulezi pamoja na mama. Gau alikuwa mtoto wa kwanza na mimi wa mwisho. Wawili waliokuwa katikati yetu sikuwahi kuwaona. Niliwajua kwa majina tu, yalipotajwa kwenye sala ya jioni.

Gau alikuwa sekondari ya bweni, mbali. Siku moja, katikati ya muhula, nilirudi kutoka shule nikamkuta ameketi kwenye mkeka, ameegemea ukuta wa nyumba unaopigwa na jua la mchana, blanketi mabegani na tranka lake kando. Nilifurahi kupita kiasi, maana kwa hesabu zangu likizo ilikuwa bado sana. Nikaona miguu yake imejaa na inang'aa. Nikadhani ni chakula cha bweni.

"Kaka, umenona!" nikamwambia.

Gau akacheka. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, akageuka haraka akaingia ndani.

Wale mliokulia Ufipa mnaujua ule upepo wa kipupwe, unavyokuja moja kwa moja kutoka kwenye nyanda bila mti wa kuuzuia, unapita kwenye sweta kana kwamba hujavaa kitu. Basi mahali pa Gau pakawa pale ukutani. Matofali yalishika joto, na ukikaa karibu naye ulisikia harufu ya udongo uliopashwa jua, ya blanketi, na ya dawa aliyopakwa pale alipochomwa sindano. Mimi nilikuwa darasa la nne. Kila nikitoka shule nilitupa begi ndani nikakimbilia mkekani, na nyuma yangu alikuja Rukia, rafiki yangu, ambaye baba yake alikuwa na duka mjini na gari dogo la kubebea mizigo.

Hapo ndipo Gau alipotufundisha mchezo.

Alijifunza bwenini, kwa mwenzake ambaye mjomba wake aliishi ng'ambo na alimletea kitabu cha mchezo huo. Haukuwa mchezo wa kukimbizana wala wa kufungana mabao. Mmoja anakuwa msimulizi, wengine wanakuwa watu ndani ya hadithi yake. Msimulizi anasema: mmefika kwenye pango, ndani kuna kitu kinapumua, mnafanyaje? Wewe unasema unachofanya, kisha unatupa dadu kuona kama umeweza. Rukia alileta dadu kutoka kwenye boksi la ludo la nyumbani kwao. Akajiita Sultana, mpiga mishale. Mimi nikajiita Mpasuamawe, mwanamke mhunzi, kwa sababu nilikuwa mdogo kuliko wote darasani na nilitaka mikono mikubwa.

"Nanunua upanga," Rukia alisema siku ya kwanza kabisa.

"Kwa nani?" Gau akamuuliza.

"Dukani."

"Huku hakuna duka. Kuna kilima na msitu wa miti ya kuchoma mkaa. Ukitaka upanga, utengeneze."

"Haya, nimetengeneza."

"Kwa chuma gani?"

Rukia akaniangalia mimi. Na mimi nikamwangalia Gau.

Huko bwenini, alitueleza, walicheza kama kitabu kilivyosema: unatoa dhahabu, unasubiri kidogo, upanga huo mkononi. Yeye hakuipenda sehemu hiyo. Alisema inafanya watu waonekane wajinga, kana kwamba vitu vinaota. Kwa hiyo mchezo wetu aliuwekea kanuni zake. Kila kitu unachotengeneza lazima uwe na malighafi yake, uwe na zana, uwe na muda, na awepo mtu anayejua kazi hiyo. Kimoja kikikosekana, huna kitu. Vyote vikiwepo, ndipo unatupa dadu.

Ule upanga wa Sultana ulituchukua muda mrefu kweli. Tulichimba mawe yenye chuma. Tulichoma mkaa. Halafu Gau akatujengea kwa maneno ilungu, tanuri la udongo walilotumia wazee wa Ufipa kuyeyushia chuma, refu kuliko mtu, lenye matundu kuzunguka chini ili upepo ujiingize wenyewe. Yeye aliwahi kuona mabaki ya mojawapo huko mashambani alipokuwa mdogo. Mimi sikuwa nimeona hata moja, lakini jinsi alivyolieleza, mawe yakilia ndani ya moto na wanaume wamekaa kimya wakisikiliza, nilikuwa naunusa moshi wake. Tukatupa dadu. Tukapata moja.

"Mmepata takataka," Gau alisema kwa huzuni. "Moto haukutosha. Mkaa wenu ulikuwa mbichi."

Rukia alilia machozi ya kweli.

Kulikuwa na kanuni nyingine mbili. Ya kwanza: ukikitengeneza kitu hicho kweli, kwa mikono yako, mchezoni unaongezewa nukta kwenye dadu. Hii ilituingiza kwenye matatizo. Mama alinifundisha kusokota kamba ya katani pajani, mpaka paja langu likawa jekundu. Rukia alikata tawi la mpera akatengeneza upinde, akatoboa nao gunia la unga la baba yake. Mimi nikafinyanga chungu kwa udongo wa bondeni, nikakiweka kwenye moto wa mama wakati maharage yako jikoni. Kilipasuka kama bunduki. Maharage yaliruka mpaka kwenye kenchi za paa. Mama alinifukuza na mwiko kuzunguka nyumba nzima, na nilipopita mbele ya mkeka Gau alikuwa anacheka huku ameshika kifua kwa mikono miwili, anasema, "Chungu hakikukauka, Skola! Maji yalibaki ndani!"

Kanuni ya pili ilikuwa rahisi. Dadu ni la mambo yanayoweza kwenda huku au kule. Kutoka kibandani hadi kisimani hutupi dadu, unakwenda tu. "Jambo la hakika hatulitupii dadu," Gau alisema, nasi tukalishika hilo kama tulivyoshika katekisimu.

Alikuwa msimulizi wa ajabu. Alisema maneno machache, akanyamaza. Akasema tena machache, akanyamaza. "Mnasikia mlango... unafunguka... lakini hamuoni... mtu." Rukia alikuwa ananibana mkono kwa hofu. Tulidhani ananogesha hadithi. Hata kwao Rukia, alipojaribu kuwasimulia wadogo zake, alikuwa anakata maneno vilevile, anavuta pumzi katikati, kwa sababu alifikiri ndivyo inavyofanywa.

Siku moja shangazi alipanda kutoka Muze, kule bondeni, ametuletea mchele. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko napukuchua mahindi. Nikamsikia mama akizungumza naye kwa Kifipa, sauti ya chini, na katikati ya Kifipa yakatokea maneno ya daktari kwa Kiswahili.

"Valvu ya moyo," mama alisema. "Haifungi. Damu inarudi nyuma."

"Sasa watafanyaje?"

"Inabidi wamwekee nyingine. Ya kutengenezwa."

Shangazi akaguna. Mimi nikaacha mahindi.

Valvu niliijua. Kila mtoto wa Malangali aliijua. Baiskeli ya baba ilikuwa na valvu mbili, na mojawapo iliwahi kuharibika, upepo ukawa unarudi, tairi likalala kila asubuhi mpaka fundi alipoibadilisha. Basi kumbe ni hiyo! Miezi yote ile watu walivyokuwa wananong'ona, baba alivyokuwa anakaa bila kuongea, shida ni valvu. Na ya kutengenezwa! Nilihisi kama mtu aliyepewa kazi anayoiweza.

Kesho yake, baada ya shule, nikaenda kwa Sostenes, kijana aliyetengeneza baiskeli karibu na duka la kina Rukia. Alikuwa amewasha redio, anabandika kiraka.

"Shikamoo," nikasema.

Akacheka, maana hakuwa mtu wa kuamkiwa hivyo. "Marahaba, mdogo wangu. Sema."

"Nataka valvu."

"Ya baiskeli gani?"

"Ni ya kaka."

"Ya mbele au ya nyuma?"

Nikafikiri. Nikaweka mkono kifuani. "Ya mbele."

"Inafanyaje?"

"Haifungi. Inarudi nyuma."

"Upepo unarudi? Hiyo ni kawaida." Akachokora kwenye kopo lake la vyuma, akachagua moja, akaipuliza, akaivalisha kampira kapya. Kisha akakata kipande cha tyubu kuukuu akakipaka solusheni, akanifungia vyote kwenye karatasi. "Mpelekee. Mwambie asizidishe upepo. Msalimie sana."

Nilikimbia. Harufu ile ilinifuata njia yote, kali, tamu, inakwaruza koo, na mpaka leo sijui harufu nyingine inayofanana na furaha niliyokuwa nayo.

Gau alikuwa peke yake ukutani. Nikafungua karatasi mapajani pake.

"Nini hii?"

"Valvu yako. Ya moyo."

Aliitazama tu ile karatasi. Nikadhani hajaelewa, nikaanza kumweleza kama alivyotufundisha. Malighafi hii hapa. Zana ziko kwa Sostenes, na nyingine ziko hospitali. Muda upo, maana hata shule hawezi kwenda. Mtu anayejua ni daktari. "Vyote vipo, kaka," nikamwambia. "Na nimeitafuta kweli, kwa miguu yangu, kwa hiyo tunaongezewa nukta. Bado kutupa tu." Nikachukua dadu kutoka kwenye kona ya mkeka, nikamnyooshea.

Gau aliigeuzageuza ile valvu kwenye vidole vyake virefu. Kucha zake zilikuwa na rangi ya buluu kidogo, nilikuwa nimezizoea. Mdomo wake ulitetemeka upande mmoja, nikadhani anataka kunicheka. Kisha akaufunga mkono wangu, na dadu likiwa ndani yake, akaushika hivyo.

"Hapana, Skola," akasema. "Hiki hatukitupii dadu."

Nilimkumbatia shingoni mpaka blanketi likaanguka. Nikatoka mbio hadi kwa Rukia, nikampita mama yake mlangoni bila kumwamkia, nikamwambia Rukia kwamba kaka anapona, tena ni hakika, kasema mwenyewe hakuna haja ya kutupa. Rukia akaruka. Tuliruka wote wawili kwenye uwanja wao, tumeshikana mikono, tunazunguka.

Nilikuwa nimekua, nimemaliza shule, niko mbali na Sumbawanga, siku nilipotambua kwamba mambo yasiyotupiwa dadu ni ya aina mbili. Yako ambayo lazima yawe. Na yako ambayo hata ukitupa mpaka mkono uchoke, hayawi. Gau alijua mimi ninajua aina moja tu. Aliniachia hiyo.

Sitaki mdhani kwamba nyumbani walikaa tu. Barua ya rufaa ya kwenda Dar es Salaam ilikuwepo, baba alikuwa ameshaulizia basi. Daktari alisema mgonjwa apate nguvu kwanza ndipo aweze kusafiri. Mama alimpikia uji wa ulezi kila asubuhi, akampa samaki wa Kabwe, migebuka iliyochomwa, akamtolea miiba mmoja mmoja kama mtoto mdogo. Kila jioni baba alimtazama usoni akasema, "Leo afadhali." Na Gau alijibu, "Ndiyo baba, leo afadhali."

Mchezo ukawa mfupi. Sultana na Mpasuamawe walikuwa wamefika kwenye mto mkubwa, na ng'ambo ya mto ndiko kulikokuwa na mji tulioutafuta tangu mwanzo. Tulipaswa kutengeneza daraja la kamba. Tulikata miti. Tulisokota kamba. Gau alikubali kila kitu kwa kutikisa kichwa, macho yamefumba.

"Tunavuka!" Rukia akasema, ameshaokota dadu.

"Bado," Gau akasema.

"Vyote vipo!"

"Kamba ni mbichi... Haibebi mtu... Iacheni ikauke... mpaka kesho."

"Aa, kaka Gau! Sasa hivi!"

"Kesho," akasema. Akanitazama. "Kesho mtavuka."

Asubuhi nilipoamka gari la baba yake Rukia lilikuwa limesimama uani na baba alikuwa amembeba Gau mikononi kumpeleka kwenye kiti cha mbele, blanketi linaburuza. Mama aliketi nyuma, kwenye bodi. Waliniambia niende shule. Nilikwenda. Nilimpungia mkono, na nadhani aliniona.

Alilazwa hospitali pale mjini siku kadhaa, na mimi sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Wenzangu shuleni waliponiuliza nilisema amekwenda kubadilishwa valvu. Mchana mmoja nikirudi, nikaona kutoka mbali watu wengi nyumbani kwetu. Akina mama wa jumuiya walikuwa wanaingiza masufuria makubwa, vijana wanateremsha mabenchi ya kanisani, moshi mwingi unapanda nyuma ya nyumba. Nikajua amerudi. Nikajua wanampikia. Nilikimbia huku nimeinua mikono, naimba jina lake, na watu wakawa wananipisha njia, mmoja baada ya mwingine. Shangazi ndiye aliyenikamata. Alinibana kwenye kitenge chake kwa nguvu, nikashindwa kupumua, na nilichokuwa nakitaka ni aniachie nikamwone Gau.

Tulimzika kwenye upepo. Kanga za wanawake zilipepea kama bendera, padri alilazimika kupaza sauti. Baba, aliyejengea watu wengi nyumba, alilijengea kaburi lile mwenyewe kwa matofali, hakukubali fundi mwingine amsaidie hata kumshikia kamba.

Rukia alikuja na mama yake, amejitanda mtandio mweusi mkubwa kuliko yeye. Wakati watu wazima wako ndani tulikwenda kukaa kule ukutani. Mkeka ulikuwa umetolewa. Tulikaa chini. Rukia akasema, kwa sauti ya msimulizi, "Mmefika mtoni." Akangoja. Mimi nilipaswa kusema kitu. Akajaribu tena, "Mmefika mtoni, na..." kisha akajifunika mtandio usoni. Hatukucheza tena, wala hatukuwahi kuambizana kwamba tumeacha.

Wageni wakaondoka. Nyumba ikawa na mwangwi. Mama hakuwa amelia mbele yangu hata mara moja. Siku zote za matanga alikuwa anahangaika na vyombo, na maji, na nani amekula na nani hajala. Jioni moja alikuwa uani anapepeta ulezi, mimi nimekaa kizingitini. Akasema bila kuniangalia:

"Skola. Kule ukutani alikuwa anawaambia nini siku zote zile?"

Nikamweleza. Nilianza mwanzoni kabisa, nikamweleza pango, msitu, mji tulioutafuta. Mama alikuwa anapepeta polepole, mara anasimama. Sikuwa nimewahi kumsimulia mtu mzima hadithi ndefu hivyo bila kuambiwa ninyamaze. Nilipofika mtoni nikasema hapo ndipo tulipoishia.

"Wewe ulikuwa mhunzi," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na Rukia wa mishale."

"Ndiyo."

"Na yeye? Yeye alikuwa nani humo?"

Swali hilo sikuwahi kujiuliza. Nikafikiri sana. "Yeye hakuwa mtu mmoja, mama. Yeye alikuwa wengine wote. Alikuwa mwenye kivuko, na bibi kizee, na wanajeshi. Na mbwa pia alikuwa yeye. Kulikuwa na mbwa aliyetufuata."

"Alikuwa mbwa?"

"Ndiyo. Alikuwa anabweka."

Mama akaweka ungo chini. "Gau wangu alikuwa anabweka?"

"Ndiyo, mama. Taratibu. Hakuwa mbwa mkali."

"Alibwekaje? Hebu nionyeshe."

Nikaona aibu. Lakini mama alikuwa ananitazama usoni, mikono yake mitupu magotini, punje za ulezi zimemgandia mpaka kwenye viwiko. Basi nikasimama pale uani, nikabweka alivyokuwa anabweka Gau, kidogo kidogo, kwa sauti nene ya puani. Mama akacheka. Alicheka kweli, kichwa nyuma, meno nje, na mimi nikafurahi nikabweka zaidi. Kisha kicheko kikavunjika katikati, akainama mpaka paji la uso likagusa magoti, na ile sauti iliyomtoka sikuwa nimewahi kuisikia kwa mtu yeyote. Baba akatokea mlangoni, akasimama.

Sikujua kama ninyamaze au niendelee. Hakuna aliyeniambia. Nikaendelea kubweka.